Kichwa cha Ramadhani kina saa yake

Duka la dawa ninalofanyia kazi liko Oli, hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, mtaa ambao misikiti imekaribiana mpaka adhana zinapokezana. Miezi mingine watu huja kununua dawa ya kichwa saa yoyote. Ramadhani ikiingia, wanakuja kwa mkupuo mmoja: magharibi imeswaliwa, tende imeliwa, uji umenyweka, na mtu anasimama dirishani amekunja uso akitaka Panadol mbili. Siku tatu nne za mwanzo ndio wengi kabisa. Mwezi ukiingia kumi la pili wanapungua.

Mimi nafunga tangu utoto, na kipandauso ninacho tangu nikiwa msichana wa shule, kwa hiyo dirisha hilo nimelijua kwa ndani na kwa nje. Kinachoniuma zaidi ya kichwa chenyewe ni namna tunavyolizungumza jambo hili. Mtu akisema kichwa kinamgonga tangu adhuhuri, anaambiwa avumilie, ndiyo saumu hiyo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakamwambia kuwa maumivu yale ni dalili ya saumu iliyokubaliwa. Saumu ni kujizuia na chakula, kinywaji na unyumba kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, kwa nia ya ibada. Kuumwa kichwa si nguzo wala sunna yake. Ni maradhi yenye sababu, na sababu zake nyingi zinazuilika kabla hata mwezi haujaandama. Yana pia saa ya kuanza na saa ya kwisha, na kwa sisi wa Uganda kuijua saa hiyo ni jambo kubwa, kwa sababu kichwa kisichoifuata huwa ni kitu kingine.

Madaktari wa maradhi ya kichwa wana mwongozo mmoja wanaoufuata dunia nzima, na toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018. Kichwa cha kufunga kimo humo kwa jina lake. Mtu awe amekaa bila kula kwa muda wa saa 8 au zaidi, maumivu yaanze ndani ya muda huo, na yapungue sana akishakula. Mara nyingi huuma kichwa kizima au paji la uso, kwa kubana, bila kudunda, na ukali wake huwa wa chini au wa wastani. Wala si maradhi ya Waislamu peke yao. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa wafanyakazi wa hospitali nchini Israeli waliofunga Yom Kippur, siku ambayo Wayahudi hawali wala hawanywi: 39 katika kila 100 ya waliofunga waliumwa kichwa, na 7 tu katika kila 100 ya wasiofunga. Miaka minne baadaye madaktari wa Saudi Arabia walitazama siku ya kwanza ya Ramadhani, wakapata 41 kwa 100 upande wa waliofunga na 8 kwa 100 upande wa wasiofunga. Mataifa mawili na dini mbili, hesabu karibu ileile. Tafiti zote mbili zilionyesha pia kwamba wanaoumia zaidi ni wale ambao hata siku za kawaida vichwa vyao ni vya kuumauma.

Shika hapo kwenye muda wa saa 8, kwa sababu ndipo daku inapoonyesha thamani yake.

Arua tuko karibu na ikweta, na mchana wetu haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kusumbua mtu. Ramadhani iwe Februari au iwe Agosti, tunafunga muda wa saa 13 na kidogo. Alfajiri huingia karibu saa 12 kasoro, magharibi saa 1 na dakika chache. (Anayefuturu kwa adhana ya redio ya Kampala akumbuke kwamba kwetu jua huzama kama dakika 7 baadaye.) Sasa chukua mtu aliyemaliza daku saa 11 na nusu. Muda wake wa saa 8 unatimia saa 7 na nusu mchana, na kilichobaki mpaka futari ni saa tano na nusu. Huenda kichwa kikamuuma alasiri, huenda kisimuume kabisa. Mchukue na mwenzake aliyekula saa 4 usiku baada ya tarawehe, akalala, akasema ataunganisha. Wa pili huyu saa 8 zake zimetimia saa 12 asubuhi, hata kazini hajafika. Adhana ya magharibi inamkuta amekaa saa 21 bila chakula wala tone la maji. Wawili hawa wamefunga siku moja mbele ya Mungu, lakini miili yao haikufunga siku moja. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhimiza kula daku akasema ina baraka, tena akapenda icheleweshwe. Vijana wengi wanaokuja dirishani, ukiwauliza, jibu ni lilelile: sikuamka.

Watu husema sukari imeshuka. Kwa mtu mwenye afya jambo haliko hivyo moja kwa moja, maana ini hutoa sukari iliyoweka akiba, na kichwa cha saumu huuma hata sukari ikipimwa ikaonekana iko sawa. Kwa mwenye kisukari ni habari nyingine. Huyo akiumwa kichwa huku anatetemeka na kutoka jasho, apime hapohapo, na ikiwa sukari iko chini ya miligramu 70 kwa desilita ya damu afungue bila kusubiri adhana.

Kinachosahauliwa ni maji. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, nako West Nile, ukanda wetu huu wa Arua, huo ndio ukali wa kiangazi: vumbi jekundu, upepo mkavu, jua la kupasua midomo. Mwendesha boda boda anayeshinda barabara ya Adumi anatoka jasho tangu asubuhi bila kulirudisha. Wengi wanapofuturu hunywa bilauri mbili kubwa kwa pupa, wakashiba, basi, mpaka daku. Heri kunywa kidogo kidogo usiku wote, kabla ya tarawehe, baada yake, na tena wakati wa daku, na kula vitu vyenye maji kama tikiti. Daku ya samaki waliokaushwa kwa chumvi inakudai maji mchana kutwa na huna pa kuyatoa.

Halafu kuna chai na kahawa, na hapa ndipo siri ya siku tatu za mwanzo ilipo. Uganda inapeleka kahawa nyingi nje huku nyumba nyingi zinakunywa chai, lakini Wanubi wetu na Wasomali wetu hawaachi kahawa yao ya tangawizi, na chai yenyewe si maji matupu. Kikombe cha kahawa kina kafeini kama miligramu 95, cha chai ya rangi kama nusu yake. Mtu anayepata zaidi ya miligramu 200 kila siku, yaani vikombe viwili vitatu vya kahawa au vitano vya chai, mwili wake umeshaizoea. Kafeini huzuia kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo adenosini. Ikiondolewa ghafla, adenosini inafanya kazi bila kizuizi, mishipa ya damu ya kichwani inatanuka, na kichwa kinaanza kuuma kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Ukali wake hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, kisha hupoa ndani ya siku chache, mara chache ikafika tisa. Linganisha na wateja wangu: wamejaa siku za mwanzo, wamepungua kumi la pili. Wale madaktari wa Saudi Arabia nao waliitaja kafeini kuwa ndiyo huenda inaongoza miongoni mwa vichocheo vya nje. Mairungi, yaani miraa, nayo ina mambo yake, tena mbaya zaidi, kwa sababu anayeitafuna usiku hupoteza na usingizi.

Dawa ya hili iko Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani. Ukiwa na vikombe vinne kwa siku, wiki mbili kabla ya mwezi viwe vitatu, kisha viwili, kisha kimoja, nacho kisogeze kuelekea usiku. Anayeona hawezi kuacha kabisa, anywe kikombe kidogo cha daku pamoja na maji ya kutosha. Bibi Aisha, Mungu amridhie, amesimulia kwamba hakumwona Mtume akifunga sana katika mwezi wowote usiokuwa Ramadhani kama alivyofunga Shaaban. Mimi nikiisikia hadithi hiyo msikitini huwaza pia juu ya mwili. Aliyefunga Jumatatu na Alhamisi za Shaaban hakutani na Ramadhani kama mgeni.

Kuna kichwa kingine ambacho wanaume hawakijui vizuri, na nitakisema bila kuzunguka. Tarawehe inakwisha, watu wanarudi, vyombo vinaoshwa, mama wa nyumba analala karibu saa 6 usiku. Saa 10 ameamka, maana daku haijipiki. Mchana ana watoto, ana genge sokoni, ana ndoo za maji kisimani. Tangu alasiri yuko jikoni: mihogo, maharage, sambusa, gurusa (mikate ya Kinubi), uji wa simsim, na wageni wakialikwa ni sufuria juu ya sufuria. Usingizi wa saa nne kwa siku 30 unaumiza kichwa hata cha mtu anayekula mchana. Ongeza moto wa sigiri. Mkaa ukiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huichukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma, kisha kizunguzungu na kichefuchefu. Mama akiumwa kichwa kila jioni jikoni, kikapoa akitoka uani kupunga upepo kabla hata hajafuturu, hicho hakikuletwa na njaa. Sigiri ipelekwe nje, au mlango na dirisha vikae wazi. Na nyumba yenye wanaume wenye mikono miwili mizima, daku inaweza kuchemshwa na yeyote. Nakasirika nikimwona mwanamke amejifunga kitambaa kichwani, anakaza fundo, anapakua futari ya watu kumi, halafu anasifiwa kwa subira. Afadhali wangemletea maji na kumwachia saa mbili alale.

Nirudi kwenye ile saa ya kwisha, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kichwa cha saumu hupungua ukishakula. Kwa wengi saa moja mbili baada ya futari kimeshaondoka, kwa wenye kafeini kinachelewa kidogo. Kama umekula, umekunywa, umepumzika, na bado kichwa kipo usiku wa manane, au umeamka nacho daku, usiendelee kuitaja saumu.

Uganda hubeba karibu wagonjwa 5 katika kila wagonjwa 100 wa malaria duniani, na wanaotutangulia ni Nigeria na Kongo tu. Kwetu West Nile mbu hawana likizo. Nayo malaria inaanza na nini? Kichwa, uchovu, viungo kuuma, kukosa hamu ya kula: mambo yaleyale ambayo mfungaji anayatarajia. Ramadhani inaipa malaria mahali pa kujificha. Mwezi mwingine wowote mtu wa Arua akiumwa kichwa siku mbili anakwenda kupima. Ramadhani anasema ni njaa.

Kijana mmoja wa boda boda wa mtaani kwetu alikuwa akinunua vidonge vya kichwa kila usiku. Aliponijia tena akiwa amevaa koti na jasho linamtoka, nilimuuliza kichwa chake kinakwisha saa ngapi.

"Hakiishi, mama. Nikila kinapungua kidogo, kisha kinarudi."

Nilimpima kwa kile kipimo cha tone la damu. Mistari miwili: malaria. Nikampa Coartem, dawa ya malaria, nikamweleza: ya kwanza sasa, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na kila unapomeza ule kitu chenye mafuta au unywe maziwa, la sivyo dawa haiingii mwilini inavyotakiwa. Akanihesabia kwa vidole, akaona ya pili inaangukia alfajiri imeshapita. Akasema atameza za usiku tu. Nikamwambia dawa ya malaria haikatwi nusu, lakini macho yake yalikuwa yanaangalia msikitini, kwa hiyo nikafunga duka tukaenda wote kwa shehe.

"Shehe, mwezi unaishia," akasema. "Niache nimalize."

"Mwanangu, aliyekuamrisha kufunga ndiye aliyekuruhusu kula. Ukiikataa ruhusa yake, unamfungia nani?"

Akamsomea aya ya 185 ya Al-Baqara, ile inayosema mgonjwa na msafiri wakamilishe hesabu katika siku nyingine, na kwamba Mungu anatutakia wepesi. Kijana akalia. Sidhani kama ni kwa maumivu. Alikula kesho yake mchana, chumbani kwake, na siku zake akazilipa baadaye.

Kuna kingine kibaya zaidi ya malaria. Ule ukanda wa Afrika wa homa ya uti wa mgongo unaoanzia Senegal na kufika Ethiopia unagusa kaskazini mwa Uganda, na msimu wake ni huuhuu wa kiangazi na vumbi. Kichwa kikali pamoja na homa na shingo iliyokakamaa, hasa ukiona mtu hawezi kuinamisha kidevu kifuani au hataki mwanga, hiyo ni ya hospitali usiku huohuo. Ni hivyo pia kwa kichwa kinacholipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, au kinachokuja na ganzi ya upande mmoja, ulimi mzito, macho kuona kiza. Mjamzito anayeumwa kichwa sana huku amevimba uso na mikono apimwe presha leo.

Kuhusu vidonge, nauza lakini nitasema ukweli. Parasetamoli mbili baada ya futari si kosa. Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini ndani yake, ndiyo maana mnywaji wa kahawa huisifu. Ninalolikataa ni ile tabia ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni wakati wa daku ili "kujikinga", kisha mtu anakaa saa 13 juani bila maji. Dawa za jamii hiyo zinachubua tumbo na kuzielemea figo, na figo zilizokauka zinaumia upesi zaidi. Kuna utafiti uliofanywa juu ya kidonge cha maumivu kinachokaa mwilini siku nzima, kinamezwa kabla ya kufunga, na baadhi ya waliokitumia walipata nafuu. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari anayeujua moyo wako na presha yako. Na anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, dawa zenyewe huanza kumuumiza kichwa.

Wenye kipandauso tuna njia yetu. Utafiti mmoja wa mwaka 2010 wa Waislamu wenye maradhi haya ulionyesha kwamba ndani ya Ramadhani waliumwa kama siku 9, na katika mwezi wa kawaida hawakufika siku 4. Mimi siushangai. Kipandauso hakipendi kuruka chakula, hakipendi kukosa usingizi, hakipendi kiu, na Ramadhani huja na vyote vitatu. Ninachofanya ni kwenda kliniki mwezi wa Rajabu, miezi miwili kabla, si usiku wa kuamkia mfungo, ili daktari anipangie dawa ya kinga inayomezwa mara moja, usiku. Wenye presha na kifafa nawasihi wafanye hivyohivyo, maana dawa za mara mbili au tatu kwa siku nyingi zinaweza kubadilishwa, lakini si kwa kuruka dozi kimyakimya. Nalala mchana nusu saa nikiweza. Maumivu mepesi nafunga nayo, na wanazuoni hawakuyafanya kuwa udhuru. Kikinipanda kile cha kutapika, cha kuniziba jicho moja, nafungua, nameza dawa, nalala gizani. Miaka ya nyuma ndugu zangu walinitazama vibaya. Sasa binti yangu ndiye anayeniletea maji.

Siku ninazozikosa nazilipa Agosti na Septemba, mvua zikiwa zimeshika Arua na jua limepunguza ukali. Urefu wa mchana ni uleule, ila mwili haukauki. Nachagua Alhamisi, duka likiwa na watu wachache, nakula daku ya viazi vitamu na maziwa, na usiku wake namwambia mume wangu kwamba sigiri ya futari ataiwasha yeye.